Mzamivu wa Migosi

Jumatatu, 10 Machi 2025
Profesa Awuor anatafuta mtafiti mwenye shahada ya uzamivu. Mmoja tu! Utafiti wa gugumaji ziwani, miaka miwili, na dawati lenye dirisha. Kazi hii ni yangu, nimeisubiri tangu nivae joho. Maombi mwisho Ijumaa. Tatizo ni Gordon Ajwang, tuliyesoma naye. Ana machapisho kumi na moja. Mimi mawili, na moja ni barua kwa mhariri.

Jumanne, 11 Machi
Sijaandika hata mstari. Mama Beldina, mwenye nyumba wangu, kasikia naitwa daktari. Asubuhi kagonga mlango: "Daktari, hii kuku yangu inakohoa. Angalia tu kidogo." Nikampapasa kuku shingo. Akanidonoa! Basi nikatumia akili. Nikamweleza Mama, kwa Kiswahili cha vitabuni, kwamba mimi si daktari wa wagonjwa, mimi ni mzamivu. Akanitazama kwa heshima mpya, akaondoka na kuku wake. Ushindi!

Jumatano, 12 Machi
Mama Beldina ametangaza mtaa mzima wa Migosi. Leo kanipigia simu mdogo wake, Owiti, mwenye boti kule ufuo wa Dunga. Anasema kuna profesa chombo chake cha kupimia maji kimezama, na Mama Beldina amemwambia Migosi kuna mtu ana shahada ya kuzamia. Nikauliza profesa gani. Awuor! Ningeweza kumsahihisha. Ningeweza kumwambia nimekulia Bungoma, na maji mengi zaidi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Nikasema nitafika kesho saa tatu.

Alhamisi, 13 Machi
Nafika ufuoni, nani yuko na Profesa? Ajwang! Kaptula tayari, yeye aliyezaliwa ziwani. Nikamzuia kwa mkono, nikamwambia hii ni kazi ya wenye shahada. Akasema hata yeye anayo. Nilikuwa nimeshajirusha. Mungu wangu! Nilipiga mayowe, nikanywa nusu ya ziwa, nikamwita mama, nikakumbatia chochote kilichokuwa chini. Owiti akaniomba kwa upole nisimame. Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni. Mikononi nina magugu, ndala moja, na chombo cha Profesa! Kumbe mawimbi yalikuwa yamekisukuma hadi pale, na wao wanatafuta mbali.

Ijumaa, 14 Machi
Asubuhi nimepeleka maombi. Mchana nimepata kazi! Furaha hii haienei kifuani. Profesa anasema wasomi wengi hubaki ofisini, mimi niliingia majini na viatu. Ajwang kanipongeza, muungwana wa watu, akajitolea kunifundisha kuogelea. Nimekataa. Mzamivu afundishwe nini?
Nikiwa mlangoni, Profesa akauliza kama najua kuendesha boti, maana Jumatatu tunakwenda katikati ya ziwa.
Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Chuoni nilikaa miaka mitatu kwenye kamati ya uendeshaji.