Nilivyomlaza Mwalimu Eridadi kwa Misemo ya Kizungu

Jumatatu, 2 Septemba 2013

Kutoka Kasese mjini hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, hakuna anayenishinda Kiingereza. Waingereza wenyewe wajipange! Shule niliacha kidato cha pili, walimu wakiwa wameniishia.

Leo sokoni Bwera nimenunua kitabu cha misemo ya Kiingereza kwa Huzaifa, muuza vitabu vikuukuu. Kurasa za maana hazimo. Huzaifa anasema mkewe alifungia karanga. Hasara? Wapi! Maana nitatia mwenyewe.

Shabaha ni moja: Vasta, fundi cherehani. Aliwahi kusema anapenda mwanamume anayesimama mbele za watu akaongea wakanyamaza. Nitasimama. Halafu nitamposa.

Jumatano, 4 Septemba

Bahati hiyo! Mzee Nuwa wa Rukoki anatafuta msemaji. Jumamosi wanampeleka mpwa wake Davis kujitambulisha kwa wakwe huko Nyakiyumbu, na msemaji wao kakauka sauti. Nikamwambia mvua kubwa ikinyesha Waingereza husema inanyesha paka na mbwa. Akauliza kwa nini. Nikajibu: kwao mifugo hulala juu ya paa. Kanichukua palepale.

Jina la bibi harusi sikuuliza. Msemaji mkubwa haulizi vitu vidogo.

Kibaya: msemaji wa wakwe ni Mwalimu Eridadi, yuleyule aliyenirudisha darasa mara mbili. Vizuri. Tukutane!

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepita kwa Vasta. Anashona gomesi, gauni la sherehe, ya kijani inayong'aa mpaka macho yanauma. Nikamwambia kesho nasema Nyakiyumbu. Akaacha mkasi, akacheka. Akasema yeye kesho hakosi, ndiko kwao, na gomesi ni ya siku hiyo. “Sema vizuri, kaka Tonny, usiniaibishe.”

Anajipamba kwa ajili yangu! Nimekwisha kushinda.

Jumamosi, 7 Septemba

Ushindi! Ushindi!

Eridadi alitaka mahari ya mbuzi kumi na watano. Nikasema twende kisomi: kila msemo utakaomshinda, mbuzi mmoja anashuka. Nikamtupia msemo wa kipande cha keki. Akajibu eti ni jambo rahisi. Nikasema hapana, mwalimu, hiyo ni maana ya zamani! Siku hizi maana yake binti hauzwi vipande vipande. Wazee wakapiga meza. Eridadi akapiga kelele kwamba nadanganya, nionyeshe kitabu. Nikakiinua juu. Akataka kifunguliwe. Nikasema kwetu Rukoki kitabu hakifunguliwi mbele ya wakwe. (Sijawahi kulala Rukoki.) Wakwe wakaniunga mkono!

Nikamtakia babu wa binti apige ndoo teke kabla ya Krismasi. Eridadi akapaliwa na soda, akaninong'oneza eti maana yake ni kufa. Babu akashukuru sana.

Misemo mingine miwili nayo ikamshinda, mbuzi wakabaki kumi na wawili.

Ikaja kazi ya kumtambua bibi harusi. Mabinti wakatolewa kundi kwa kundi, na mimi kila mara nasema: wazuri, lakini wetu hayumo. Kundi la tatu, gomesi ya kijani. Davis akanifinya mgongoni: huyo hapo.

Vasta.

 Ningesema hayumo, tungetozwa faini, tungerudishwa nyumbani. Lakini watu wote walikuwa wamenyamaza wananingoja. Wote! Mwalimu Eridadi naye mdomo wazi. Ningefanyaje? Nikasema. Sijawahi kusema vile. Vigelegele vikafika hadi Kongo. Vasta akalia, akaninong'oneza: “Asante, kaka. Hukuniaibisha.”

Jumapili, 8 Septemba

Simu haipumziki. Familia tatu zinanitaka! Eridadi kanisani alikaa nyuma ya nguzo.

Mpango mpya. Immy, mdogo wake Vasta, jana alinipigia makofi kuliko wote. Huyo sasa ndiye. Jumamosi ijayo atanisikia tena, maana mchuuzi mmoja wa samaki wa Kasenyi kaniajiri nimsemee kwa wakwe, na ni nyumba ileile ya jana. Jina la bibi harusi sikuuliza.

Kosa lilikuwa moja tu, na naliandika kwa sababu hapa hasomi mtu. Vasta nilimposa kweli, kama nilivyopanga, na akakubali. Nilimposa kwa niaba ya Davis.