Mama Mkwe Anakuja, Mchicha Bado

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mama mkwe anakuja Jumamosi! Anatoka Katumba kuja kumwona mjukuu wake, Ernestine wangu, miezi minane, meno mawili. Akipapenda hapa Majengo atakaa mpaka mvua zianze, atanishikia mtoto, na mimi nitarudi kwenye kozi ya cherehani niliyoiacha tumbo lilipokuwa kubwa. Asipopapenda, anageuza. Ameshamwambia mume wangu Libérat kwamba yeye hawezi kukaa kwenye nyumba inayonunua mboga.

Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye tuta langu la mchicha. Nalo limelala. La jirani yangu Verdiana limesimama kama limepigwa pasi, na yeye anamwagilia kwa kopo la kutoboa! Bomba ni moja hapa uani, tunatumia wote.

Libérat kanihurumia. Kaleta mpira wa maji, wa kijani, mita ishirini. Mwenye duka kamwambia tukimaliza tufunge koki, tuutoe maji, tuuviringe taratibu, tuuweke kivulini, na mdomo wake usizame kwenye chombo chochote. Nikauliza, huyo anauza mpira au anahubiri?

Jumanne, 3 Septemba

Maji yametoka asubuhi. Nimemwagilia nimesimama wima, mkono kiunoni, mtoto mgongoni. Raha! Nikahakikisha Verdiana ananiona. Kasema hongera Mama Ernestine, naona umejiunga na zimamoto. Wivu tu.

Sikufunga koki. Mtoto alikuwa analia. Nikakunja mdomo wa mpira, nikaufunga kwa kamba ya ndala, nikauacha juani umejaa.

Saa saba mchana mchicha ukaonekana una kiu. Nikafungua. Mbona unanuka kama mboga jikoni? Nikagusa maji. Mama yangu! Moto! Nimepika mchicha ukiwa bado ardhini.

Halafu nikapata wazo. Maji ya moto ya bure, ya kumwogeshea mtoto! Lakini vidole vyangu vilikuwa vyekundu, nikamwangalia Ernestine ananichekea na meno yake mawili, nikaliacha hilo wazo haraka. Nimemwogesha kwa yale ya ndoo.

Alhamisi, 5 Septemba

Nusu ya tuta imekufa. Lakini leo nina mpango mkubwa.

Kwenye pipa nimevundika mihogo siku tatu sasa, maana mama mkwe anapenda ugali wa mihogo ya kuvundika kama kwao. Inanuka vizuri kabisa, yaani vibaya. Sasa nimezamisha mdomo wa mpira humo ndani mpaka chini. Maji yanatoka kidogo kidogo. Pipa likijaa litamwagikia kwenye tuta lenyewe. Mihogo inasuuzika, mchicha unakunywa, mimi namnyonyesha mtoto. Nani mwingine angewaza hivi?

Baadaye: maji yamekatika. Haidhuru. Nimeacha kila kitu hivyo hivyo, yakirudi yataendelea yenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba

Asubuhi nimeamshwa na kelele. Verdiana alichomoa mpira wangu kwenye bomba akinge maji ya kunywa. Yametoka ya kijivu, yananuka mihogo! Kaita watu wote wa uani, kasema nyie, bomba limeoza!

Mimi nikalaumu watu wa maji. Nikawalaumu kwa sauti. Mpaka Verdiana akachungulia kwenye pipa langu, akakuta limebaki tupu na mihogo imekaa mikavu. Maji yalipokatika, bomba likayanyonya yale ya kwenye pipa likarudi nayo. Kanionyesha kipande cha muhogo kwenye mdomo wa mpira.

Nikajua leo nimekwisha. Lakini kamwaga ndoo yake, kayaacha maji yatiririke mpaka yakawa meupe, kasema mwanamke wewe, Mungu akulindie huyo mtoto. Halafu kacheka mpaka kashika ukuta. Kanipa na fungu la mchicha wake, la kupika.

La kupika? Nimeuchomeka kwenye tuta, shina moja moja. Nikaongeza mafungu mawili ya sokoni. Tuta limejaa! Libérat katazama sana, kauliza kama unaota. Nikamwambia unapumzika.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeulaza mpira katikati ya njia, kuanzia getini mpaka bombani, ili mama mkwe auone mara tu akiingia. Libérat kasema uviringe bwana, mtu ataanguka. Nikamwambia wewe hujui mapokezi.

Mama mkwe kaingia mikono mbele, macho kwa mjukuu tu. Mguu ukanasa. Kaenda hatua tatu bila kutaka, kakaa juu ya tuta puu! Kamwita Mungu kwa lugha ya kwao, Mana yanje! Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Ila alishika mchicha ainukie, ukamfuata wote mkononi. Akaugeuza. Hauna mizizi. Akavuta mwingine. Hauna mizizi.

Nikalia. Nikamweleza yote, mpaka mihogo. Kanisikiliza akiwa bado amekaa kwenye udongo, mtoto mapajani. Halafu kauliza kama kweli bomba lilimwaga maji ya mihogo. Nikasema ndiyo, Mama. Kacheka kuliko Verdiana. Kasema mwanangu, hii nyumba haikosi mboga, inakosa mtu mzima. Anakaa. Mvua zikianza, ataangalia tena.

Jumapili, 8 Septemba

Mama mkwe kaumwaga maji mpira, kauviringa kwa duara pana juu ya tairi kuukuu, kauweka kivulini nyuma ya jiko. Tuta kalilima upya, kapanda mbegu. Kesho narudi kwenye cherehani!

Yaani mpango wangu umefanya kazi. Nilisema tuta ndilo litamfanya akae, na kweli alikaa juu yake.

Sasa namhurumia asibebe ndoo kwenda jikoni. Wamelala wote, yeye na Ernestine, nimeuchukua mpira polepole. Nimeupitisha dirishani, juu ya kitanda chetu, mpaka kwenye chungu cha maji ya kunywa. Unavuja kidogo pale katikati, nimepafunga soksi. Koki nimeiacha wazi. Upande wa kitanda uliopo chini yake ni wa Libérat.