Sarafu Safi ya Bwana Safi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa mkusanyaji rasmi wa sarafu kuukuu. Kadi ya chama ninayo, jina langu limeandikwa kwa wino, mwanachama nambari kumi na saba. Mke wangu ameigeuza kadi pande zote mbili, akauliza kama inasaidia kupiga pasi. Sikumjibu. Mtu wa hadhi yangu hajibu kila kitu.

Mimi ni dobi. Mtaa mzima unaniita Bwana Safi, na jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa ni mimi niliyeliandika juu ya mlango. Kazi hii ndiyo iliyonifungua macho. Kabla ya kulowesha nguo huwa napekua mifuko: leso, tiketi, funguo, kalamu zinazovuja. Vyote huvirudisha kwa wenyewe, hapo hakuna wa kuninyooshea kidole. Lakini mwaka jana nilikuta sarafu ya zamani kwenye suruali ya mteja, na mwenyewe akasema nikae nayo, dukani haipokelewi tena. Tangu siku hiyo nimefikisha kumi na moja. Zote nimezing'arisha. Nimezipanga dirishani, na jua likizipiga wapita njia hufumba macho.

Sasa habari yenyewe! Jumamosi kuna maonyesho ya chama kwenye ukumbi wa maktaba. Kila mwanachama sarafu moja. Itakayoshinda itawekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, mwaka mzima, pamoja na kadi yenye jina la aliyeileta. Mwaka mzima! Na chini ya tangazo wameandika: zitapokelewa sarafu za daraja la Safi tu.

Nimelisoma neno hilo mara tatu. Safi! Wangetaja na nambari ya nyumba yangu tungejua moja.

Jumanne, 5 Machi

Fundi saa amezikagua sarafu zangu. Kibanda chake kinatazamana na changu, na yumo chamani mwaka wa tisa sasa, jambo analolikumbusha kila baada ya sentensi mbili. Alibana lenzi yake jichoni, akachungulia moja moja. Akasema sita ni za juzijuzi, nne zimechakaa, na moja si sarafu, ni washa ya bomba, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje.

Nimeiondoa ile ya bomba dirishani. Nilikuwa naishuku tangu zamani.

Basi nimemwendea mama mkwe. Anaishi nasi, chumba cha nyuma, na ndani ya kopo lake la sindano kuna sarafu moja ya shaba yenye tundu katikati na maua kulizunguka tundu. Nyeusi tititi. Marehemu baba mkwe, aliyekuwa fundi baiskeli, aliipata kwenye mshahara wake wa kwanza akaapa kutoitumia. Hakuitumia mpaka anakufa. Nimembembeleza mama tangu alasiri. Mke wangu akamwambia mama yake wazi kwamba asithubutu kunipa. Mama naye akalifungua kopo, akasema haya mkwe, chukua, lakini irudi kama ilivyoondoka.

Nimeapa kwa pasi yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwonyesha fundi saa ile sarafu, kusudi roho imuume. Ikamuuma! Aliitazama, akavuta kigoda, akakaa. Akasema herufi zote zimesimama, maua yanahesabika mpaka jani la mwisho, hii haijapita mikononi mwa watu. Miaka tisa chamani hajawahi kushika kitu kama hiki. Alikuwa ameishika kwa ukingo tu, kama mtu aliyeshika yai la njiwa.

Halafu akaanza. Nisiioshe. Nisiifute. Hata pumzi nisiipulizie. Ule weusi ndio ngozi yake, umechukua miaka sitini kuota, na ukiondoka haurudi.

Nimemwelewa mara moja. Jamaa naye anashindana, ana ya fedha ambayo nayo ni nyeusi kama chungu. Dobi unamwambia asioshe! Aende akamwambie na mwashi asijenge.

Jioni nimepita maktaba. Mkutubi ndiye mwenyekiti wa chama na ndiye mwamuzi. Koti lake la kijivu lina doa la wino kwenye mkono wa kushoto, nikajitolea kulifua bure. Akashukuru, akasema ataleta baada ya mashindano, watu wasije wakasema. Mama mwenye msimamo. Doa nalo lina msimamo, lakini zamu yake itafika.

Ijumaa, 8 Machi

Siku kubwa! Nimeifanya ile kazi ninayofanyia vifungo vya makoti ya bendi ya tarumbeta. Limau na chumvi kwanza. Dawa ya meno ikafuata. Mwisho waya wa kusugulia masufuria, taratibu, kwa mkono wa kitaalamu. Weusi wote umeingia kwenye beseni. Imetoka nyekundu, inawaka, najiona sharubu ndani yake. Maua mawili yamefifia kidogo, lakini nani atatazama maua penye mng'ao kama ule?

Kasoro moja tu. Ukingoni kuna pengo dogo, kama limekatwa makusudi. Nimevuka kwa fundi saa kuazima tupa nilisawazishe. Akauliza ya nini. Nikamweleza. Akaweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza, akasema tupa hana. Tupa ilikuwa mkononi mwake! Nimeona husuda nyingi katika maisha yangu, lakini yenye mpini, leo ndiyo mara ya kwanza.

Akauliza kwa sauti ndogo kama nimeigusa ile sarafu. Nikamwambia aje kesho ajionee.

Jumamosi, 9 Machi

Shati nimelipiga pasi mara mbili, na leso nyeupe ya kuwekea sarafu nimeitia wanga mpaka inasimama yenyewe. Ukumbini meza kumi na saba. Sarafu kumi na sita za kahawia, za kijivu, nyeusi. Na yangu. Niliwaonea huruma wenzangu, kwa kweli.

Mkutubi alipita na glavu zake za pamba na lenzi. Kila meza dakika moja. Kwangu alisimama. Akainama. Akasimama tena. Akauliza kama kuna kitu nimeifanyia. Nikamweleza yote, limau mpaka waya, na watu wakaacha meza zao kuja kusikiliza. Mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani anajaribu kukariri.

Ndipo mkutubi akafafanua. Kumbe kwa watu wa chama, Safi si iliyooshwa. Safi ni isiyochakaa wala kuchezewa, yenye ngozi yake ileile. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza: "Bwana Safi, sarafu hii ilikuwa safi mpaka ulipoisafisha."

Si wangeandika!

Nimepewa daraja la Iliyoharibiwa. Fundi saa ameshinda kwa ile ya fedha. Angecheka ningepata pa kumshika. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua, na nimerudi nyumbani moyo ukiniuma. Hata hivyo niandike ukweli: hakuna sarafu iliyotazamwa muda mrefu kama yangu.

Jumapili, 10 Machi

Nimemrudishia mama mkwe sarafu yake, nikiwa nimeifunga kwenye ile leso. Akaifungua. Akaipindua. Akasema hii si yake.

Nikaapa ndiyo. Akasema yake ilikuwa nyeusi, hiki ni kifungo cha koti la bendi, na hakujua kwamba mkwe wake anaweza kumwibia mjane. Akauliza sarafu ya mumewe iko wapi. Akauliza tena. Kisha akajifuta macho kwa pembe ya mtandio, bila sauti yoyote, na mimi nikabaki nimesimama na mikono yangu yenye harufu ya limau. Ni heri angenitukana. Mke wangu alitukana kwa niaba yake. Mpaka sarafu ionekane, nile na nilale huko huko kwenye pasi.

Nimelia kidogo kwenye kapu la mashuka. Halafu akili ikaja. Anataka nyeusi? Atapata nyeusi! Nimekumbuka jinsi kijiko kizuri kinavyofubaa kikikaa kwenye yai. Nimechemsha mayai matatu, nikayaponda, nikaizika sarafu humo ndani ya kopo, nikafunika. Saa tatu baadaye upande mmoja umekuwa wa kahawia na mwingine wa zambarau, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Si haba. Nimempelekea mama.

Akainusa. Akasema sasa nimemletea kifungo kinachonuka yai.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi ya leo fundi saa amenikuta nimelala kwenye pasi, nikamweleza yote, akafunga kibanda chake. Mwaka wa tisa huu sijamwona akikifunga kabla ya jioni. Akaja mpaka nyumbani, akavua kofia, akamwamkia mama shikamoo, akamuuliza kama sarafu ya marehemu ilikuwa na alama yoyote.

Mama akasema ilikuwa nayo. Siku ile ya mshahara wa kwanza marehemu aliikata pengo ukingoni kwa tupa, ili hata akiwa gizani vidole viitambue mfukoni asije akaitumia kwa bahati mbaya. Akasema jambo hilo walilijua wao wawili tu.

Fundi saa akamwekea mama lenzi jichoni. Akaishika sarafu kwa ukingo, akaigeuza pole pole kuelekea dirishani. Mama akatazama. Kisha akapitisha ukucha wake pale kwenye pengo, mara moja, mara mbili.

"Ndiye," akasema. Hakusema ndiyo. Alisema ndiye.

Akacheka na machozi yakimtoka, na mke wangu akacheka na kulia pamoja naye. Halafu mama akanigeukia mimi, akaniambia mume wake alishaoshwa siku ile walipomzika, mkwe, hakuhitaji kuoshwa mara ya pili. Nimeinamisha kichwa. Neno hilo litakaa nami siku nyingi, angalau mpaka Ijumaa.

Lakini haki itendeke na kwangu. Nani aliyeliacha lile pengo pale lilipo? Mtu mwingine, mwenye papara, angelisawazisha! Nimemdokezea fundi saa jambo hilo tulipokuwa tukitoka. Alinitazama sana, kisha akavaa kofia yake.

Jumatano, 13 Machi

Barua kutoka kwa mkutubi! Anaomba sarafu iwekwe kwenye kabati la kioo, rafu ya chini, karibu na ile ya mshindi, wanachama wapya wajifunze. Mama amekubali hapo hapo. Amesema afadhali ikae huko ndani ya kufuli, mahali mkono wangu usipofika, na yeye atakuwa akipita kumwona kila wiki.

Kadi imeshaandikwa, nimeinakili: "Sarafu ya shaba, ya aina adimu. Ilitunzwa miaka sitini na fundi baiskeli na mkewe. Ilisuguliwa kwa siku moja na Bwana Safi, dobi. Tazama tofauti."

Jina langu! Kwenye kabati! Ya fundi saa ina mstari mmoja, yangu minne.

Jumamosi, 16 Machi

Nimevaa shati la maonyesho, nimempeleka mke wangu maktaba. Tumesimama pembeni nusu saa tukihesabu. Watu tisa wameisoma kadi ya fundi saa. Ishirini na mbili wameisoma yangu, na wengi waliondoka wakicheka kwa furaha. Hata mke wangu alitabasamu, akauficha uso wake begani kwangu. Sijawahi kujisikia mkubwa namna hii.

Jambo moja tu limenikera. Yangu, hata na ile zambarau yake, ndiyo pekee yenye uhai humo ndani. Kioo kina alama za vidole. Bawaba zimeota kutu ya kijani. Na ile ya fedha ya fundi saa, ya mshindi, nyeusi kama sufuria la kuni, mbele za watu! Nimemwambia mkutubi niko tayari kulishughulikia kabati zima bila malipo. Akajibu haraka kwamba lina ufunguo mmoja tu, na anao yeye.

Alasiri koti lake la kijivu limefika, kama alivyoahidi. Nimepekua mifuko kama kawaida yangu. Leso. Kalamu. Ufunguo mdogo wa kabati.

Nitaurudisha, hilo halina mjadala. Jumatatu, pamoja na koti. Kesho maktaba inafunguliwa nusu siku, na mkutubi amesema hatakuwepo.

Fundi saa alinitoa kwenye aibu mbele ya mama mkwe, na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nimenunua malimau sita.