Ombi la Kutangaziwa Mafuriko, Nyumba Namba Saba Pekee

Nyumba Na. 7, Njia ya Mto,
Nettlebourne.
14 Septemba

Kwa Karani wa Halmashauri ya Mji,
Nettlebourne.

Ndugu Karani,

YAH: MAFURIKO YA NYUMBA MOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Mimi ni Cuthbert Ablett, mgane, mkazi wa mji huu tangu kuzaliwa. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nikifungua malango ya mto ili boti zipite, na kila asubuhi nilipima kina cha maji nikakiandika daftarini bila kudanganya hata sentimita moja. Nalitaja hilo mapema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa mzaha. Ninaomba Halmashauri itangaze kwamba nyumba yangu imefurika.

Haijafurika. Mto uko chini kiasi kwamba bata wanavuka kwa miguu. Lakini binamu yangu Desmond na mkewe Glenys walikuja kwangu kutoka Wolverhampton kwa siku mbili, na leo ni siku ya kumi na tisa. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba mwenyeji hawezi kumwambia mgeni aondoke. Mto unaweza. Mto hauna adabu, na hakuna anayeutazamia uwe nayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka ishirini na mbili nimempelekea Desmond kadi ya Krismasi, na chini ya kila kadi nimeandika, "Lazima mje kututembelea siku moja." Kila mtu katika nchi hii huandika hivyo. Ni salamu tu, kama unavyomwandikia "wako mtiifu" mtu ambaye hujamtii hata siku moja. Desmond alibisha hodi akiwa na kadi zote ishirini na mbili mkononi, zimefungwa kwa utepe, akasema, "Tumekawia kidogo, ndugu yangu, utuwie radhi."

2. Siku ya pili jioni alisema, "Tusije tukakuchosha, labda kesho tuondoke." Nikajibu kama nilivyolelewa: "La hasha, hamnichoshi hata kidogo." Hapo mgeni wa kawaida husema tena, nami hukataa tena, kisha husema mara ya tatu nami humletea koti lake. Desmond alisema, "Haya, asante," akavua viatu. Hajagusia tena suala hilo.

3. Sijakaa kimya. Nimetoa kila dalili ambayo mtu mstaarabu anaweza kuitoa. Nilivaa nguo za kulalia saa kumi na mbili jioni, jua bado linawaka. Glenys akasema, "Cuthbert ana akili, kwa nini tujibane?" wakaenda kuvaa zao. Nilijipiga magoti kwa viganja, nikasimama, nikasema, "Haya basi," jambo ambalo kutoka hapa hadi pwani lina maana moja tu: wageni, kwaherini. Desmond akajipiga yake na kuuliza, "Haya basi, nani anachanganya karata?" Nikaacha ratiba ya treni mezani, nimepigia mstari treni nne za asubuhi. Glenys aliweka sufuria ya moto juu yake, akanishukuru kwa kumfikiria.

4. Buli. Nimelazimika kuinuka na kuzunguka chumba kabla ya kuandika haya. Buli langu la chai lilikuwa na utando wa kahawia ndani, wa miaka ishirini na sita, uliojengwa chai juu ya chai na marehemu mke wangu Avis pamoja nami. Halikuwahi kuguswa kwa sabuni. Siku ya nane Glenys alilisugua mpaka likawa jeupe, akaniletea kwa fahari. "Tazama, kumbe kuna ua la bluu huku chini. Ulikuwa unajua?" Sikuwa najua. Nilikasirika mno, hata nikamwambia asante mara mbili.

5. Jirani yangu Bi. Oakshott na mimi tumekuwa tukisalimiana kwa kutikisa kichwa juu ya ua unaotutenganisha kwa miaka kumi na minne, uhusiano mzuri sana ambao haukumsumbua mtu. Desmond alimwalika chai. Sasa anakuja kila siku saa tisa na keki, na wiki iliyopita aliniuliza jina langu la kwanza. Nikamtajia.

6. Kuna bata maji. Desmond humrushia mkate na amempa jina la Meneja. Ndege huyu sasa hupanda kutoka mtoni kila asubuhi saa moja, hugonga mlango wangu kwa mdomo, na nikichelewa kufungua hunitazama kama mkaguzi wa shule. Jumanne aliingia hadi jikoni, akakanyaga tosti ya Desmond, na Desmond akamwambia, "Meneja, ungesema tu unaitaka." Nikasikia watu watatu wanacheka. Nilipohesabu nikakuta wa tatu ni mimi. Hilo nalo ni lalamiko, lakini sitalipatia namba yake.

7. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Avis. Hakijakaliwa tangu alipofariki, miaka mitatu sasa. Glenys alikikalia siku ile ile ya kwanza, kwa sababu kiko kwenye mwanga na alikuwa amechukua shati langu ili alishone kifungo. Niliumia. Pia sikumwinua. Siwezi kueleza zaidi ya hapo katika barua ya kiofisi.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu ufuatao. Afisa wenu aje Alhamisi, saa nane na robo mchana. Asije kabla ya hapo, kwa kuwa Glenys ameahidi pai ya nyama na figo, na si ustaarabu kufurikisha nyumba kabla ya pai. Avae lile koti la njano linalong'aa na asitabasamu. Tangazo nimekwisha kuliandika mwenyewe, limebakia muhuri tu. Sentimita arobaini za maji jikoni zitatosha, na mafuriko yaishie kwenye ua wa Bi. Oakshott, ambaye ukiondoa keki hana kosa.

Ikiwa sheria inataka maji ya kweli, niko tayari kuyatoa mimi mwenyewe kwa mpira wa bustani. Ikiwa mafuriko ya nyumba moja hayataaminika, basi hamisheni mtaa mzima, na vitanda viwekwe katika ukumbi wa kanisa kama mnavyofanya siku zote. Mtaa mmoja ukiwa mdogo, fungeni daraja na mzuie kila mtu wa ukoo wa Ablett asivuke kurudi Njia ya Mto, nikiwemo mimi. Siku moja au mbili za kulala uwanjani hazitaniua. Ninachotaka ni nyumba yangu irudi kuwa kimya. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kimya hicho, na haikuwa kazi rahisi kukizoea, ndiyo maana sitaki kianze kunipotea nikiwa mzee.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa Halmashauri, pamoja na yule aliyesinzia katika kikao cha vyoo vya bustani, kwa mwenyekiti na goti lake, na kwa paka wa ofisi.

Ni mimi, mkavu kwa sasa,

Cuthbert Ablett
(Mfungua malango ya mto, mstaafu)

Nyongeza: Niliinuka kutafuta stempu, na nilipofika sebuleni nikakuta masanduku mawili mlangoni. Desmond alikuwa amevaa koti. Akasema, "Tumekuganda mno, ndugu yangu. Bi. Oakshott ametuambia wewe ni mtu wa utulivu wako." Nikamjibu kwamba hawanichoshi hata kidogo. Glenys akasema, "Unasema hivyo kwa adabu tu, Cuthbert, tunakujua." Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akanibusu shavuni na kushika sanduku. Ndipo nikagundua kwamba maneno ninayoyajua ya kumwomba mtu abaki ni yale yale tunayoyatumia kumsindikiza, na mengine sikuwahi kufundishwa. Nikawaambia barabara ya kituo cha treni imefunikwa na maji.

Wamevua makoti. Tafadhali lirekebisheni tangazo: nyumba yangu ibaki kavu, barabara ya kituo ndiyo ifurike, na maji yasipungue mpaka Krismasi. Naomba iwe leo, kabla ya saa kumi, kwa sababu Desmond anasema hajawahi kuona mafuriko na anatafuta viatu vyake aende kuyatazama.