Kikohozi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 11 Januari 1965. Butembo.
Nimeshindwa tena. Imekuwa hivi tangu mama mkwe alipowakimbia waasi kutoka Kirumba akaja kulala chumba cha pili. Kati ya kitanda chake na chetu, ukuta wa matete tu. Kwetu mwanamume hatazamani na mama wa mke wake, wala hali chakula naye. Mimi sasa namsikia akijigeuza. Akikohoa, mwili wangu unazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Mimi, niliyejaza kurasa kwa kuzitukana mila hizo. Aibu.

Mke wangu Kavira alisema ni mawazo tu, nitulie. Nikamjibu kwa hotuba juu ya uhuru wa mwanamume. Akaenda kuteka maji kabla sijafika katikati.

Jumanne, 12. Beni.
Nimepanda lori mpaka kwa Asumani, mfanyabiashara anayeuza magome ya mti ya kuamsha wanaume. Nilikusudia kusema ukweli. Dukani kulikuwa na watu. Nikasema dawa ni ya rafiki yangu Henri, maskini, amelala kabisa. Henri ndiye aliyenishinda kwa maneno mbele ya walevi wote wa mtaa wetu. Asumani akasikitika. Akauliza kama nyumbani kwa Henri kuna msongamano au ugomvi, maana tangu vita wanaume wengi wanamjia hivyo, na wanachokosa ni utulivu. Nikasema kwa Henri kumetulia, yeye ni mvivu tu.

Alhamisi, 14. Butembo.
Nimekunywa magome. Machungu kama nyongo. Mama mkwe akakohoa. Basi.
Kavira amechukua blanketi lake, amehamia chumba cha mama yake. Afadhali angenitukana. Matusi najua kuyajibu.

Jumamosi, 16.
Asumani amekuja na mizigo. Sokoni akaonyeshwa Henri, akamshika mkono kwa huruma, akamwuliza, "Ndugu, ile kitu ilishaamuka?" Wauza maharagwe wote walisikia.

Henri alifika mbio mlangoni pangu. "Zorobabel, toka inje! Sasa mugonjwa ni mimi ao ni weye?" Majirani wakatoka. Mimi sikutoka. Hata alipoondoka, nilibaki nyuma ya mlango kama mwizi.

Kisha mama mkwe akasimama uani, mgongo kwangu, akasema na mbuzi aliyefungwa pale. "Mbuzi, ambia mukwe wangu, leo nahamia kwa mudogo wangu Berthe. Ukuta ule ni mwepesi sana. Miye nakohoaka ili nisisikie."
Kumbe naye aliona haya. Nikachungulia mlangoni. Mbuzi peke yake ndiye aliyenitazama usoni.

Jumatatu, 18.
Blanketi limerudi. Kavira amemenya ndizi huku akiimba. Mengine sitaandika, mimi ni mtu mstaarabu.

Yeye anasema ni kwa sababu chumba cha pili ni kitupu. Hajui sayansi. Ni magome, yanahitaji muda tu. Nimeanza makala kali juu ya jambo hilo.

Ila chumba kukaa bure ni hasara. Nimetuma mtu kijijini Kipese amwite kaka yangu Vagheni, tunayegombania naye shamba la marehemu baba, aje alale humo mpaka kesi iishe. Nitamjibu hoja zake kitandani, kupitia matete.
Na magome yakigoma, nitamwambia Asumani mgonjwa ni Vagheni.