Trekta la Kuifaa Mizabibu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari
Mama mkwe Argia amechoka na mizabibu yake ya mteremkoni, chini ya kanisa. Katangaza mezani, supu bado ya moto: Jumapili, matrekta ya kijiji yakishabarikiwa kanisani, shamba atampa mwenye trekta la kulifaa. Yaani mimi au shemeji yangu Oreste. Oreste! Mtu anayeogopa bata bukini!

Jumanne, 13 Januari
Oreste kanunua trekta kuukuu. Jembamba, fupi, rangi ya chungwa iliyochujuka. Eti kapima kwanza nafasi kati ya mistari ya mizabibu, ndipo akaenda kutafuta. Trekta kwa futi kamba, kama anashonesha suruali! Nimecheka mpaka mke wangu Nives akaniuliza mimi nimepima nini. Mwanamume hapimi.

Jumatano, 14 Januari
Nimepata langu! La kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, silinda moja, magurudumu yananizidi kimo. Kichwa cha injini unakichoma kwa moto mpaka kiwe chekundu, ndipo unaizungusha kwa mkono. Mlio wake unatikisa vikombe kabatini. Nimelipata kwa kutoa nguruwe wetu wote. Muuzaji, mzee mmoja wa bondeni, kanionya kuwa injini hizi huweza kuwaka zikizunguka kinyume, na hapo gia ya mbele hukurudisha nyuma. Nisikilize kwanza, nijaribu taratibu. Nikamwambia babu, usinifundishe, mimi nimezaliwa na matrekta. Mzee mwoga.

Ijumaa, 16 Januari
Nives kaja na futi kamba. Trekta halipiti kati ya mizabibu, limezidi shubiri nzima kila upande. Nikasema mizabibu itasogea. Kanishauri basi nimwombe mama yake aipande upya. Wazo zuri, ila alilitoa kwa sauti mbaya.

Jumapili, 18 Januari
Nilijipenyeza mbele ya wote pale kanisani. Oreste nyuma yangu, na kile kipanya chake cha rangi ya chungwa. Injini ikazima. Nikaichoma, nikaizungusha, ikawaka kwa kishindo! Watu wakapiga makofi. Padri Celso akainua maji ya baraka. Nikatia gia ya mbele, nikaachia klachi kwa mbwembwe.

Likaenda nyuma.

Oreste alikwepa, kipanya kikakwepa. Mimi nikashuka mteremko, nikabomoa ukuta wa mama mkwe, nikang'oa mistari mitatu ya mizabibu mpaka mtaroni. Aliyenivuta ni Oreste, akipenya katikati ya mizabibu bila kugusa hata kijiti. Iliniuma sana. Argia kampa shamba palepale. Kisha akanigeukia mbele ya kijiji kizima akasema: hongera mwanangu Ermes, sasa umepata njia inayokutosha.

Amekiri mwenyewe! Njia inatosha! Basi kosa halikuwa upana. Yule mzee wa bondeni ana jingine, kubwa zaidi, nalo eti likienda nyuma lina nguvu mara mbili. Kesho alfajiri nipo kwake. Nguruwe wameisha, ila ng'ombe wa Nives yupo. Kupima sipimi.