Chawa na Ukungu Katika Tangi la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amekwenda kumwona mama yake. Ameniachia tangi lake la perege. Akasema niwalishe tu, nisiguse kingine. Kazi ya mtoto! Jioni nimekuta samaki wanajisugua ukutani. Nimemtoa mmoja. Ana chawa! Kiumbe anaoga mchana kutwa, chawa anawatoa wapi?

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea daktari wa mifugo. Kasema chawa hutoboa ngozi, kisha ukungu na bakteria hupenya humo. Ugonjwa mmoja humfungulia mwenzake mlango. Ila mara chache, akasema, ule uliotangulia huuamsha mwili ujikinge, ukauzuia wa pili. Akaendelea, lakini nilishasikia nilichotaka. Magonjwa yanagombana! Dawa ya nini?

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, hata umuulize saa atakujibu habari za samaki wake. Leo nimemkuta na perege mwenye utando mweupe kama pamba. Ukungu! Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwomba yule mgonjwa. Akauliza wa nini. Nikasema nimemhurumia. Akaniangalia sana. Nimemtia tangini. Wapigane, mimi nikalale.

Alhamisi, 7 Machi
Sielewi. Chawa wako palepale. Ukungu umejikalia kwenye vidonda vya chawa, raha mustarehe. Samaki wengine wanaelea kwa ubavu. Daktari kaja, kashika kichwa. Kasema chawa peke yao wangetibika, ukungu peke yake ungetibika, lakini mimi nimeyafungisha ndoa. Nikauliza mume ni yupi. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu karudi mapema. Kasimama mbele ya tangi, akawahesabu samaki mmoja mmoja. Bora angenitukana! Waliosalia amewatia kwenye karai la kuogea, shemeji akawabeba kwenda kwake kuwatibu, kama anabeba mayatima. Mke wangu akaniuliza nilikuwa nawaza nini. Nikaanza kumweleza. Katikati nikapotea mwenyewe. Akalia kidogo. Nami nikaona uchungu, kweli kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetulia, nimefikiri, kosa nimeliona. Magonjwa yakiwa mawili, yanazoeana. Yangekuwa matatu, lazima yangekorofishana! Jirani ana kambare aliyevimba tumbo, haijulikani anaumwa nini. Amenipa bure, tena kwa haraka. Kesho nakwenda kumjulia hali shemeji. Nimeshatafuta ndoo yenye kifuniko.